Mleta Pombe na Wakili wa Bure

Askari wa usalama barabarani hakunisimamisha. Naanza na hilo kwa sababu kila aliyesikia habari yangu alianza kwa kuwalaumu polisi, na kwa muda nilimwacha aendelee.

Ilikuwa saa kumi alasiri. Nilikuwa natoka Busunzu kurudi Kibondo mjini kwa pikipiki ya baba mdogo, madumu mawili matupu nimeyafunga nyuma kwa mpira. Askari alikuwa mwanamke wa makamo, amesimama kivulini kando ya lami. Alinipungia mkono nipite. Nikapita. Nilipofika kama hatua hamsini mbele, likanijia swali: kwa nini amenipitisha? Pikipiki iliyonitangulia aliisimamisha. Gari la nyuma yangu naliona kwenye kioo linaegeshwa. Mimi nina nini cha pekee? Nikageuza.

"Afande, shikamoo."

"Marahaba. Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Naomba kujua kigezo unachotumia."

"Kigezo cha nini?"

"Cha kumsimamisha huyu na kumwacha yule."

Alinitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia kanisani. "Kijana, nenda nyumbani."

"Sijakataa kwenda. Nataka kuuelewa utaratibu."

Akasogea. Hapo ndipo aliponinusa.

"Umekunywa?"

"Hilo," nikamwambia, na hapa nilinyoosha kidole juu, "ndilo swali ulilopaswa kuniuliza mara ya kwanza."

Nilipuliza kipimo kwa bidii, kama mtu anayetaka alama nzuri. Namba ilipotokea, nikauliza kifaa kilikaguliwa lini. Alikuwa na karatasi ya ukaguzi. Nikaomba kuiona, akanionyesha, nikaisoma mpaka chini, nikamrudishia nikasema iko sawa. Kisha akanipeleka kituoni.

Nieleze pombe ilitoka wapi. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa anapeleka mahari Busunzu, na mimi nilipewa kazi ya kubeba inzoga, pombe yetu ya ndizi. Kwetu, anayeileta pombe ukweni ndiye anayeionja kwanza mbele ya watu, ili wenyeji waone kwamba haina sumu wala hila. Si kuonja kwa ncha ya ulimi. Unapewa mrija, unavuta mpaka msemaji wa ukweni aseme inatosha. Siku hiyo pombe iligawanywa kwenye vyungu vinne: cha wazee, cha mashangazi, cha majirani, na cha wajomba wa binti. Kila chungu kiliita mwonjaji wake, na mwonjaji nilikuwa mimi. Msemaji wa ukweni, mzee mnene mwenye kofia ya pama na fimbo, hakuwa na haraka ya kusema inatosha.

Jambo zima lingekuwa kichekesho cha familia kama nisingekuwa na barua kwenye begi. Nilimaliza chuo na shahada ya sosholojia, nikakaa nyumbani miaka miwili nikiwauliza watu maswali ambayo hawakuyaomba. Wiki iliyotangulia mahari, shirika moja linalofanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Kasulu, lilinichagua kuwa afisa wa kuzunguka vituoni kwa pikipiki. Barua ilisema niripoti Jumatatu ya kwanza ya mwezi unaofuata nikiwa na leseni hai ya pikipiki. Ilisema pia, kwa adabu, kwamba aliyeshika nafasi ya pili amearifiwa akae tayari.

Kwa hiyo kila nilichokifanya baada ya hapo kilihusu kadi moja ya plastiki yenye picha yangu nikiwa nimekodoa macho.

Mahakamani nilisomewa shtaka la kuendesha chombo cha moto nikiwa nimelewa. Hakimu, mwanamama mwenye sauti ya upole, akaniuliza kama ni kweli au si kweli.

"Mheshimiwa, inategemea kulewa kunatafsiriwa vipi."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli nilikuwa nimekunywa. Lakini kati ya kunywa na kulewa kuna—"

"Karani, andika amekana."

"Sijakana, mheshimiwa. Nimeuliza."

"Hapa jibu la kweli-lakini huandikwa amekana. Una wakili?"

"Sina."

"Una uwezo wa kumlipa?"

"Sina, mheshimiwa."

Akanieleza kwamba kuna ofisi ya msaada wa kisheria, kwamba wakili wake anakaa Kasulu na huja Kibondo baadhi ya siku, na kwamba naweza kwenda kumwona kama nataka. Kesi ikapangwa Alhamisi, wiki mbili mbele. Nilihesabu vidole palepale kizimbani. Alhamisi hiyo ilikuwa siku nne kabla ya Jumatatu yangu.

Nyumbani, baba mdogo alikuwa ameshaamua. Yeye ndiye aliyenidhamini, pikipiki ni yake, na harusi ni ya mwanawe, kwa hiyo alijiona kama mwenye kesi.

"Tutauza mtamba," alisema. "Tutaweka wakili wa kulipa kutoka Kigoma. Mwenye gari."

"Gari linasaidia nini mahakamani, baba mdogo?"

"Hakimu akiona gari anajua huyu mtu ana watu."

"Na wa bure?"

"Wa bure atakutetea bure. Akichoka anakwenda zake, utamdai nini?"

Mimi nilikuwa na shaka ya aina nyingine, na niliiona ya kisomi zaidi. Nilikwenda kuipeleka kwa msaidizi wa kisheria wa pale mjini, mama mmoja ambaye mchana hushona sare za shule na katikati ya kushona huwashauri watu kuhusu mirathi, viwanja na waume. Yeye haruhusiwi kusimama mahakamani, ila ndiye anayekuandikia barua ya kwenda kwa wakili.

"Mama, huyu wakili nani anamlipa?"

"Wafadhili. Mara nyingine na serikali inatia mkono."

"Na anayenishtaki ni nani?"

"Jamhuri."

"Unaona tatizo?"

Hakuinua macho kwenye cherehani. "Chuo ulisoma kwa pesa ya nani, mwanangu?"

"Mkopo."

"Wa nani?"

Nikajishughulisha na kifungo cha shati.

"Jamhuri ilipokusomesha hukuikataa. Shika hiyo suruali hapo, nivute uzi."

Niliondoka na barua mkononi, lakini sikuitumia. Nilikuwa nimegundua njia ya tatu: kujitetea mwenyewe. Nani ajuaye kuuliza kuliko mimi? Nilisoma sheria kwenye simu siku tatu mfululizo, nimekaa migombani, nikaandika maswali arobaini na moja ya kumhoji yule askari. Swali la kwanza lilihusu upepo: ulikuwa unavuma kutoka wapi aliponinusa? Swali la mwisho lilikuwa: je, afande, umewahi kuwa na hakika na jambo lolote? Nililipenda mno hilo la mwisho. Nilipanga niliulize polepole, kisha nikae.

Baba mdogo alikubali tufanye mazoezi. Nilimkalisha kwenye kinu kilicholazwa, nikamwambia yeye ni askari.

"Shahidi, ulikuwa umbali gani uliponinusa?"

"Mlangoni."

"Mlango upi? Wewe ni askari, uko barabarani."

"Mimi nilikunusa kituoni, nilipokuja kukudhamini. Nilikuwa bado sijaingia."

"Baba mdogo, wewe si wewe. Wewe ni afande."

"Basi afande alikunusa kutoka mbali zaidi, kwa sababu alikuwa wa kwanza."

"Swali la pili. Niliendesha vibaya?"

"Hapana."

"Vizuri sana!"

"Uligeuza tu katikati ya lami kama kuku."

"Nani kakwambia hayo?"

"Afande," alisema. "Si mimi ndiye afande?"

Mama mdogo alikuwa anachambua maharage karibu. Alicheka mpaka akayapoteza aliyokwisha kuyachambua. Kesho yake nilikwenda Kasulu na ile barua.

Ofisi ya wakili ilikuwa juu ya duka la saruji na mabati. Ilikuwa imefungwa, kwa hiyo nilisubiri chini kwa mwenye duka, Mwislamu mwenye asili ya pwani ambaye babu yake alifika Kasulu na mzigo wa chumvi, na yeye bado anaongea kana kwamba alishuka jana. Aliniuliza nina shida gani. Nikamwambia.

"Mimi pombe sijaionja tangu nizaliwe, alhamdulillahi," alisema, "lakini mambo yake nayajua. Hapa ngazini wanapita wote. Kana."

"Nikane?"

"Kana tu. Unafika, unakana. Siku nyingine unafika, unaumwa. Siku nyingine shahidi hayupo. Siku nyingine hakimu ana semina. Mwaka unaisha, huku unafanya kazi zako."

"Na mwishowe?"

"Mwishowe ni mwishowe, bwana mdogo. Wewe ulikuwa unataka mwishowe au kazi?"

Lazima nikiri kwamba katika ushauri wote niliopewa, huo ndio pekee uliojibu swali langu. Nilikuwa bado naugeuzageuza kichwani aliposema, "Huyo anakuja," nikageuka, nikamwona mzee mnene anavuka barabara na mkoba. Safari hii hakuwa na kofia ya pama wala fimbo. Alikuwa na suti ya kijivu na miwani. Yeye ndiye aliyenitambua kwanza.

"Mleta pombe!" alipaza sauti katikati ya barabara. "Karibu, karibu! Ulifika salama siku ile?"

Msemaji wa ukweni, yule aliyechelewa kusema inatosha kwenye vyungu vinne, ndiye aliyekuwa wakili wangu wa bure.

Tulipanda ngazi. Alisoma hati ya mashtaka, akavua miwani, akaisoma tena bila miwani, kana kwamba macho matupu yangeona kosa dogo zaidi.

"Kumbe hukufika salama," alisema.

"Sikufika, mheshimiwa."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekunywesha."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Nilikuwa nimeshachangamka. Niliona kesi yote imegeuka. Nilimweleza kwa haraka: sikunywa kwa starehe, nilikunywa kwa wajibu. Mila ilinilazimisha. Na hapa niko na mtu mzima, msomi wa sheria, aliyeshuhudia mila ikinilazimisha, tena aliyekuwa ndiye sauti ya mila yenyewe. Asimame aseme hivyo.

"Nikisimama kusema hivyo nakuwa shahidi," alisema. "Nikiwa shahidi siwezi kuwa wakili wako. Chagua kimoja."

"Ni kipi bora?"

"Kwanza nijibu. Ulitandikiwa wapi?"

Hapa nimsimulie msomaji jambo nililoliruka, kama nilivyokuwa nimeliruka nilipoongea na baba mdogo, yule mama wa cherehani, na mwenye duka. Mleta pombe haondoki siku ileile. Anayeonja kila chungu hutandikiwa mkeka kwa wenyeji, alale, aondoke asubuhi na salamu. Huko Busunzu mashangazi wa binti walinitandikia mkeka mpya na blanketi lililokuwa bado na harufu ya dukani. Nilivikataa vyote.

"Sikulala," nilimjibu.

"Najua hukulala. Nilikuwepo. Ulitoa hotuba."

"Haikuwa hotuba."

"Ulisimama juu ya kigoda. Ulisema mkeka ni mabaki ya zama za kutembea kwa miguu, na kwamba wenyeji wanautumia kumdhibiti mgeni. Shemeji yangu aliniuliza udhibiti ni nini, nikamwambia alale." Akarudisha miwani. "Sasa sikiliza, mdogo wangu. Hiyo mila unayotaka ikutetee ina upande wa kunywa na upande wa kulala. Wewe uliupokea wa kunywa kwa mikono miwili, wa kulala ukauhoji. Mwendesha mashtaka akiniuliza kuhusu mkeka, mimi nitamjibu."

"Basi uwe wakili."

"Naweza. Nitamweleza hakimu wazi kwamba nilikuwepo kwenye sherehe, na ukikiri kosa hakuna ushahidi utakaohitajika, kwa hiyo halitakuwa tatizo. Lakini nikisimama nawe nitakushauri ukiri. Kisha nitaomba huruma: kosa la kwanza, hujasumbua, ulirudi mwenyewe. Leseni inaweza kubaki, inaweza kwenda. Sikuahidi."

"Na nikikana?"

"Ukikana kwa ajili ya kuvuta siku, siku zitavutika. Jumatatu utaanza kazi yako. Ila kwa hilo huhitaji wakili. Mwenye duka hapo chini anatosha."

Kwa mara ya kwanza tangu niikute sheria kwenye simu, mambo yalikuwa mepesi kueleweka. Bila huyu mtu, kazi. Pamoja naye, sijui. Nilikuwa naanza kusimama kumshukuru na kuaga, kwa sababu mimi ni mtu wa hoja na hoja ilikuwa wazi, aliponiuliza jambo moja, akiwa tayari anapanga karatasi zake.

"Ulipogeuza, ulitazama nyuma?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo. Miongoni mwa maswali yangu arobaini na moja halikuwemo.

"Niliona gari kwenye kioo. Lilikuwa limesimamishwa."

"Na pembeni?"

"Sikutazama."

"Kulikuwa na mtu?"

"Kulikuwa na baiskeli."

Aliacha kupanga karatasi.

"Mtu mmoja na mikungu ya ndizi," nikasema. "Aliingia mtaroni."

"Aliumia?"

"Aliinuka mwenyewe. Ndizi zilitawanyika."

"Ukamsaidia kuokota."

Nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa limeshafika kinywani.

"Nilimweleza utaratibu wa kupishana," nikasema. "Yeye alikuwa anaokota. Alikuwa ananiitikia ndiyo bosi, ndiyo bosi. Kisha nikaenda kwa afande kuuliza kigezo."

Chini, mwenye duka alikuwa anabishana na mteja kuhusu geji ya mabati. Nilikaa nikimfikiria yule mtu wa baiskeli. Alikuwa mkubwa kuliko baba mdogo, mguu mmoja una matope mpaka gotini, na aliniita bosi. Nilichukua kalamu mezani nikatia saini fomu ya msaada wa kisheria mahali palipoandikwa mwombaji.

Nilipomweleza baba mdogo, alikaa chini.

"Kwa hiyo umekwenda mpaka Kasulu, mtu akakwambia ukubali kosa."

"Ndiyo."

"Wakili."

"Ndiyo, baba mdogo."

"Hata mimi ningekwambia ukubali, bure, na ungebaki hapahapa ukanisaidia kupalilia."

Kisha akakumbuka jambo, akainuka, akasema ana safari ndogo ya Busunzu. Sikumuuliza.

Alhamisi asubuhi tulikwenda mahakamani kwa pikipiki, mimi naendesha, yeye nyuma na koti lake la kanisani. Nilikuta wakili amesimama barazani akiwa ameshika kichwa.

"Umewaita wewe?" aliniuliza.

Kwenye benchi refu walikuwa wamekaa wazee sita kutoka Busunzu, makoti mpaka vifungo vya juu, fimbo katikati ya magoti. Walikuwa wameletwa na lori la mahindi lililokuwa likielekea Kakonko, likawashusha likaenda zake. Baba mdogo alikuwa amewapanga tangu nilipokuwa bado nakana, na safari yake ya Busunzu ilikuwa ya kuwakumbusha siku.

"Ni mashahidi," alisema kwa fahari. "Wa tabia."

"Wazee wangu," wakili aliwaamkia mmoja mmoja, wote akiwajua, wawili wakiwa shemeji zake, "kijana anakiri leo. Hakutakuwa na ushahidi."

"Ego," walisema, ndiyo kwa Kiha, na hakuna aliyeinuka kuondoka.

Tukaingia. Wakaingia pia. Shtaka likasomwa upya. Wakili alikuwa ameniambia nina maneno mawili tu ya kusema, na kwamba baada ya neno la pili nifunge mdomo kama mtu aliyepakwa gundi.

"Ni kweli au si kweli?"

Sijui kama kuna anayeelewa jinsi jambo hili lilivyokuwa zito kwangu. Nilikuwa na angalau hoja tatu. Mojawapo ilikuwa nzuri kweli. Karani alikuwa ameshaiweka kalamu tayari, na nadhani alitarajia kuandika amekana.

"Ni kweli," nikasema.

Hakimu alisubiri. Mwendesha mashtaka alisubiri. Wakili alinitazama kwa pembeni ya miwani.

"Umemaliza?" hakimu aliuliza.

"Nimemaliza, mheshimiwa."

Maelezo ya kosa yakasomwa, na mtu wa baiskeli hakuwemo. Wakili akasimama kuniombea. Aliongea vizuri, bila kelele. Alisema kwanza kwamba siku ile alikuwa mmoja wa wenyeji, hakimu akaandika. Alisema mimi ni mkosaji wa mara ya kwanza, kwamba nilirudi kwa askari kwa miguu yangu, hapo hakimu akainua nyusi naye akasahihisha, kwa magurudumu yangu. Alisema kuna kazi inayonisubiri inayohitaji leseni. Kisha akanigeukia, akauliza kama nina la kuongeza, ingawa hatukupanga hivyo. Nikasema kulikuwa na mtu wa baiskeli aliyeingia mtaroni kwa sababu yangu, na kwamba sijui anakaa wapi. Hakimu aliandika hilo pia. Aliandika kwa muda mrefu.

"Na hawa wazee ni akina nani?" aliuliza akiwa bado anaandika.

Kabla wakili hajajibu, mkubwa wao alikuwa ameshasimama. "Mheshimiwa, tumekuja kumsemea kijana huyu."

"Amekwisha kukiri, mzee wangu. Mlitaka kusema nini?"

"Kwamba alikunywa vizuri." Wenzake wakaitikia kwa vichwa. "Vyungu vinne, mheshimiwa. Hakutema hata kimoja. Wengine siku hizi wanalowesha midomo tu, wanatudharau. Huyu alituheshimu."

Nilimwona mwendesha mashtaka anainama kutafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwepo.

"Mahakama imesikia," alisema hakimu. "Kaa, mzee."

Nilitozwa faini, na leseni yangu ikafungiwa miezi mitatu. Alisema amezingatia kukiri kwangu. Alisema pia amezingatia baiskeli.

Barazani wakili alinipa mkono. Nilimuuliza kama nisingemtaja yule mtu leseni ingebaki.

"Huenda," alisema.

"Na ningekana?"

"Jumatatu ungekuwa kambini." Alifunga mkoba wake. "Unataka nikwambie ulifanya vizuri?"

"Hapana."

"Afadhali, maana nina kesi ya kiwanja saa tano."

Nilisogea kando nikapiga simu kwenye lile shirika kabla sijapata nafasi ya kufikiri. Dada aliyepokea alikuwa mpole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nisubiri, nikasikia mlango, nikasikia watu wakiongea Kiswahili cha Kikongo, mmoja anauliza ufunguo wa bohari uko wapi. Akarudi. Alisema nafasi ile haiwezi kukaa wazi miezi mitatu, wanashukuru kwa kuwaambia, na jina langu litabaki kwenye orodha. Nilitaka kumuuliza orodha hiyo ni ya nini hasa. Sikuuliza. Nilikaa kwenye ngazi, na kwa muda, sisemi uongo, nilijuta kila neno nililolisema siku ile, na maneno yalikuwa machache.

Baba mdogo alikuja kunisimamisha. Kulikuwa na tatizo.

Tatizo lilikuwa pikipiki. Ilikuwa imeegeshwa chini ya mti mbele ya mahakama, nzima, tangi limejaa. Mimi sikuwa na leseni tena. Baba mdogo hakuwahi kuwa nayo. Kwa miaka yote aliendesha vijijini bila hofu, lakini mbele ya jengo lile alishikwa ghafla na heshima kwa sheria. Wakili alikuwa na leseni ya gari tu. Wale wazee hawakuwa nayo ya chochote. Kijana mmoja wa bodaboda alijitolea kutupelekea mpaka nyumbani, baba mdogo akamkatalia: hakuna mgeni atakayeikalia pikipiki yake siku ya aibu.

Kwa hiyo tukaisukuma. Mimi nilishika usukani, baba mdogo mkono mmoja kwenye kiti, wazee wawili nyuma, wanne waliobaki wakafuata wakipokezana. Kutoka pale mpaka kwetu ni mlima. Watu walitoka madukani.

"Imekufa injini?" mmoja aliuliza.

"Injini nzima," alijibu mkubwa wa wazee.

"Mafuta?"

"Yamejaa."

"Sasa mbona mnasukuma?"

"Tunatoka mahakamani," alisema mzee, kana kwamba hilo lilieleza yote, na yule mtu akaitikia kwa kichwa, kana kwamba limeeleza.

Katikati ya mlima tuliweka jiwe chini ya gurudumu tupumzike. Wazee walifungua vifungo vya juu. Baba mdogo alijifuta jasho kwa ncha ya koti.

"Wale wa kambini wamesemaje?"

"Wamempa mwingine."

Alilisukuma jiwe kwa ncha ya kiatu, kuona kama limeshika.

"Huyo mwingine ana leseni?"

"Nadhani anayo."

"Anakunywa?"

"Sijui, baba mdogo."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Akanitazama vizuri usoni, kama anayetaka kujua kama ninaumwa. Kisha akainama akaondoa jiwe, nasi tukaendelea kusukuma.